Charles Houston, mwalimu wa mawakili wa wanyonge
Mahakama ya Juu ya Marekani ilipoharamisha ubaguzi wa rangi katika shule za umma mwaka 1954, Charles Hamilton Houston, mwalimu wa mawakili walioshinda kesi hiyo, alikuwa amekwisha kuzikwa.

Baada ya kuonja ubaguzi jeshini, Houston alisomea sheria Harvard. Mwaka 1929 alikabidhiwa kitivo cha sheria cha Chuo Kikuu cha Howard, Washington. Alifunga masomo ya jioni, tegemeo la maskini waliofanya kazi mchana. Ulikuwa uamuzi mchungu, ila mwaka 1931 kitivo kilitambuliwa rasmi.

Wengi hawakustahimili ukali wake. Thurgood Marshall alistahimili, akaongoza kesi ya 1954. Mwaka 1960 akawashauri wajumbe Waafrika wa Kenya kuhusu katiba jijini London.

Houston alifariki Aprili 1950 kwa ugonjwa wa moyo, akiwa na umri wa miaka 54.