MBATIAN NA VIJIWE VYAKE

Nani hapa Ewuaso Kedong hajasikia jina la Mbatian? Laiboni huyu, babake Lenana na Sendeyo, alifariki mnamo 1890 hivi. Malaiboni hubashiri kwa kumwaga vijiwe na kuvihesabu. Yasemekana alitabiri ng'ombe kufa na wageni weupe kuja. Na kweli, sotoka ikafyeka mifugo, reli nayo ikafika Nairobi 1899.

Lakini hebu tupige hesabu: utabiri ulioenda kombo, nani aliukumbuka? Isitoshe Thomson, Mzungu, alishapita Umasaini 1883, Mbatian akiwa hai. Kwa hivyo hilo la wageni halinishangazi. La ng'ombe, mh! Sotoka ilianzia Uhabeshi mwishoni mwa miaka ya 1880, na habari za mifugo husafiri haraka. Wazee wetu hawakubali, bado tunabishana.