Songea Mbano na Bunduki Isiyoogopa Mvua

Kila nikifunga chuo kwenda nyumbani Ngumbo, basi linanishusha Songea usiku. Nalala pale, asubuhi natafuta gari la Mbinga ndipo nishuke ziwani. Yaani kabla ya kufika kwetu, lazima nilale kwenye mji wenye jina la mtu ambaye mababu zangu waliwakimbia watu wake. Wenzangu wa rumu wanamjua Songea Mbano kama shujaa wa somo la historia, basi. Nikiwaambia hivyo wanashangaa.

Songea alikuwa nduna wa Nkosi Mputa Gama, mtawala wa Wangoni wa Njelu. Wangoni walitoka kusini na Zwangendaba, wakavuka Zambezi mwaka 1835. Silaha yao kubwa ilikuwa mkuki mfupi wa kuchoma, si wa kurusha, kwa hiyo lazima umsogelee adui mpaka umwone macho. Kwa mkuki huo walivamia ufukwe wetu na milima ya Wamatengo, wakachukua watu na chakula. Mwaka 1882 walifika hadi Masasi. Wakiitwa Magwangwara, na bibi yangu alitutisha kwa jina hilo tulipochelewa kurudi kutoka ziwani. Kwa hiyo msitegemee niseme Songea alikuwa malaika.

Wajerumani walifika Ungoni mwaka 1897, wakajenga boma karibu na makazi yake. Ndiyo maana mji una jina lake. Askari wao walibeba bunduki ya Mauser ya mwaka 1871, na hapa naomba nikae kidogo.

Bunduki ambayo wengi huku waliizoea ni gobole. Unamimina baruti mdomoni mwa mtutu, unatia risasi, unashindilia, unaomba Mungu. Mvua ikinyesha, baruti inalowa na gobole linabaki gongo tu. Mauser ni kitu kingine: unavuta komeo nyuma, unaingiza risasi, unasukuma komeo na kulikunja, unafyatua. Baruti imefungwa ndani ya ganda la shaba, haijui mvua. Ilipiga risasi moja moja ya milimita 11 na kutoa moshi kama jiko la kuni. Ulaya jeshi la Kijerumani lilikuwa limeshahamia bunduki ya 1898 yenye risasi tano, kwa hiyo askari wa huku walipewa mtumba. Lakini ukichomeka singe mbele yake, kisu cha karibu nusu mita, mtumba huo unageuka mkuki mrefu kuliko wa Mngoni.

Mwaka 1905 Kinjala akaleta maji Ungoni, kwamba risasi zitageuka maji. Darasani huwa tunacheka hapo. Mimi siku hizi sicheki. Mtu aliyewahi kuona gobole likishindwa na manyunyu, kwa nini asiamini kwamba maji yanaweza kuishinda bunduki? Walichokosea, kwa maoni yangu, ni lile ganda la shaba tu.

Alfajiri ya Oktoba 21, 1905, Kapteni Nigmann aliyetoka Iringa aliwavamia Wangoni kambini Namabengo, wakatawanyika. Baada ya hapo walipigana kwa vikundi vidogo porini, na vikundi havikamatiki kirahisi. Wajerumani wakachoma mashamba na maghala. Kilichowamaliza Wangoni ni njaa kuliko Mauser, na njaa hiyo haikuchagua Mngoni na asiye Mngoni.

Mputa na wenzake wengi walinyongwa Songea Februari 27, 1906. Songea alinyongwa baadaye, peke yake. Wazee wa pale husimulia kwamba Wajerumani walitaka kumwacha hai, yeye akakataa kubaki wakati wenzake wamekufa. Wale wengine wako kwenye kaburi moja la pamoja. Lake liko pembeni, hatua chache tu.

Ukoo wake unaamini kwamba mwili uliomo hauna kichwa, kwamba kilipelekwa Ujerumani. Novemba 1, 2023, Rais Steinmeier alifika Songea, akaomba msamaha na kuahidi kusaidia kukitafuta.

Nilimsimulia bibi habari hiyo likizo iliyofuata, tukiwa tunaanika dagaa. Nilidhani atasema Magwangwara wamelipwa. Alinyamaza kidogo, akaniuliza hiyo safari ya kwenda kumtafuta mzee wa watu wameshaipanga, au wanasubiri nini.