Mshahara wa Mtoto Askari

Huko Marekani husifiwa sana vijana waliokulia katika ukata wa miaka ya 1930, kisha wakarusha ndege za kivita katika Vita Kuu ya Pili. Sisi tukaao chini ya milima ya Uluguru twapenda leo kuwaeleza wasomaji wetu habari za mtoto wa nchi hii, ambaye vita vilimchukua akiwa mdogo kuliko hao.

Aliitwa Mahjub bin Adam, ingawa wengi humjua kwa jina la Bayume Mohamed Husen. Alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1904. Baba yake, mwenye asili ya Sudan, alikuwa askari wa Wajerumani. Vita vya 1914 vilipoanza alikwenda vitani pamoja na mwanawe wa miaka 10, naye mtoto akafunzwa kupeleka habari kwa ishara. Wazazi wasomao haya wataona wenyewe kama umri huo wafaa kazi hiyo.

Vita hivyo vilipita hapa petu pia. Tarehe 26 Agosti 1916 majeshi ya Waingereza yaliingia Morogoro. Wajerumani wakarudi nyuma kuelekea Kisaki, mizigo yao ikiwa vichwani mwa wapagazi. Mahjub alipiganiwa na vita hata kusini. Oktoba 1917, katika mapigano makali ya Mahiwa, upande wa Lindi, alijeruhiwa, kisha akatekwa na Waingereza.

Amani haikumletea mali. Alitumika nyumbani kwa watu na katika meli, hata mwaka 1929 akafika Berlin, akaidai serikali mishahara ya vita: yake na ya marehemu baba yake. Akajibiwa kwamba amechelewa. Twaliona jibu hilo kuwa la aibu, kwani mtoto wa miaka 10 hakuambiwa kwamba amewahi mno.

Akabaki huko. Alikuwa mtumishi wa mezani katika hoteli, akafundisha Kiswahili katika Chuo Kikuu cha Berlin, akaigiza katika filamu zaidi ya 20, mara nyingi kama mtumishi. Alioa mke Mjerumani Januari 1933, siku chache kabla Hitler hajashika madaraka. Aliomba nishani ya wapiganaji wa zamani, akanyimwa. Vita vya 1939 vilipoanza akajitolea tena kuwa askari, wakamkataa. Mtu aweza kumshangaa kwa kuwang'ang'ania waliomdharau. Lakini kazi ya askari alifunzwa tangu utotoni.

Mwaka 1941 alikamatwa kwa sababu ya urafiki na mwanamke wa Kizungu, akatiwa katika kambi ya Sachsenhausen pasipo hukumu ya mahakama. Alikufa humo tarehe 24 Novemba 1944, umri wake miaka 40.

Mwaka 1964 serikali ya Ujerumani Magharibi ilikubali kuwalipa maaskari wa zamani waliokuwa wangali hai.