Az-Zahrawi na kidonge chenye jina

Muulize mwanafunzi wa madrasa maana ya tasrif, atakwambia ni kunyambua vitenzi vya Kiarabu. Nasomesha somo hilo, na jibu ni sahihi. Lakini ipo At-Tasrif nyingine, ya juzuu 30, iliyokamilika karibu mwaka 1000 Miladia. Mwandishi wake, Abul Qasim Az-Zahrawi, sisi tunamsifu kwa upasuaji tu.

Alizaliwa karibu mwaka 936 Madinat az-Zahra, jirani na Cordoba, Andalusia, katika ukoo unaojinasibisha na Ansar wa Madina. Alitibu watu kwa miongo mingi. Alifariki karibu 1013, mji wake ukiwa umeshabomolewa katika fitna ya Waislamu wenyewe kwa wenyewe.

Upasuaji umo katika juzuu ya 30. Mimi hunivutia ya 28, inayohusu utengenezaji wa dawa: kuosha, kuchoma, kusaga. Humo alieleza vibao vya mpingo au pembe ya ndovu vilivyochongwa umbo la vidonge, na jina la dawa likichorwa ndani ili lijipige juu ya kila kidonge. Sehemu hiyo ilitafsiriwa Kilatini na kupigwa chapa Venice mwaka 1471.

Ndugu msomaji, usidharau kusaga. Chembe kubwa huchelewa kuyeyuka tumboni. Unga laini mno nao una matata yake: hautiririki sawasawa kwenye mashine, kidonge kimoja kikapata dawa nyingi na kingine kidogo. Ndiyo maana viwandani unga hulowanishwa kwa kigandisho, ukakaushwa na kuchekechwa uwe chengachenga, kisha ukashindiliwa. Kigandisho kikipungua, kidonge hupukutika. Kikizidi, huwa kigumu na huenda kikachelewa kuyeyuka. Mashine ya kushindilia ilipata hataza Uingereza mwaka 1843, kwa jina la William Brockedon.

Sasa tazama nje ya baadhi ya misikiti yetu baada ya swala ya Ijumaa. Unga umo kwenye kikopo kisicho na jina wala kipimo, unaitwa dawa ya Sunna, na mama mwenye kisukari anaambiwa aache vidonge vya hospitali. Akihoji, anatajiwa matabibu wa Andalusia! Mnunuzi ana haki ya kumuuliza muuzaji huyo: umesaga nini, kijiko kimoja kina kiasi gani, na mbona hukuandika jina?