BIBI KHADIJA (R.A.) NA SAFARI ZA HIRA



 

Kila mtoto aliyepita darasa la sira anaweza kunijibu bila ya kusita kwamba Bibi Khadija bint Khuwaylid (R.A.) alikuwa mke wa kwanza wa Mtume (S.A.W.), kwamba alikuwa mfanyabiashara tajiri, na kwamba ndiye mtu wa mwanzo kumwamini. Hayo ndiyo tunayoyauliza katika mtihani. Lakini mwaka huu mwanafunzi mmoja wa kike, mdogo sana, aliniuliza jambo ambalo sikulitarajia. Alitaka kujua kama Mtume (S.A.W.) na Bibi Khadija walikuwa wakitoka pamoja kwenda kutembea, kama baba yake na mama yake wanavyotoka jioni ya Idi. Wenzake walicheka. Mimi sikucheka, kwa sababu nilijiona sina jibu la haraka. Nilirudi nyumbani nikafungua vitabu, na niliyoyakuta ndiyo haya.

Bibi Khadija alitokana na ukoo wa Asad katika kabila la Maqureshi, na nasaba yake inakutana na ya Mtume (S.A.W.) kwa babu yao Qusayy. Kabla ya Uislamu watu wa Makka walimpa lakabu ya Tahira, yaani mwanamke aliyetakasika, na katika mji ule wa wakati ule lakabu kama hiyo haikutolewa ovyo. Alikuwa amekwisha olewa mara mbili, na Abu Hala na Atiq bin Aidh, akabaki na mali na biashara aliyoisimamia mwenyewe. Hakusafiri na misafara. Aliwaajiri wanaume waende na bidhaa zake Sham na Yemen kwa kugawana faida. Mmoja wa aliowaajiri alikuwa kijana wa Bani Hashim aliyesifika kwa uaminifu. Alimtuma Sham pamoja na mtumishi wake Maysara, na Maysara aliporudi hakusimulia faida peke yake bali alisimulia tabia za yule kijana alivyoziona njiani.

Aliyeleta posa ni mwanamke, Nafisa bint Munya, aliyekwenda kumdodosa Muhammad (S.A.W.) kwa nini haoi. Akaeleza kwamba hana cha kuolea. Akaulizwa itakuwaje akiitwa kwa mwenye mali, uzuri na heshima, na alipotajiwa jina akaridhia. Ami zake walikwenda kuposa, Abu Talib akahutubia, na mahari kama alivyotaja Ibn Hisham yalikuwa ngamia 20. Hii ilikuwa karibu mwaka 595. Bwana alikuwa na miaka 25. Umri wa Bibi, riwaya mashuhuri inasema 40, na ipo nyingine isemayo 28. Wanazuoni wamelijadili hilo sana na mimi sitalirefusha, kwani halibadilishi ninachotaka kukisema.

Ninachotaka kukisema ni kwamba ndoa hii ilidumu karibu miaka 25, na muda wote huo Mtume (S.A.W.) hakuoa mke mwingine. Miaka 15 ya mwanzo ilikuwa kabla ya utume. Sisi walimu huiruka ile miaka 15 kwa sentensi moja, tukaharakia pangoni. Lakini ndani ya miaka hiyo nyumba ilikuwa inajengwa. Humo walizaliwa Qasim, Zaynab, Ruqayya, Ummu Kulthum na Fatma. Na Abdullah naye akazaliwa. Humo walizikwa watoto wa kiume wakiwa wadogo. Humo aliingia Zayd bin Haritha, kijana aliyenunuliwa na Hakim bin Hizam, mtoto wa kaka yake Bibi Khadija. Bibi akampa mumewe zawadi kijana yule, na mumewe akamwacha huru na kumlea kama mwanawe. Humo aliletwa Ali bin Abi Talib mwaka wa njaa ili baba yake apungukiwe na mzigo. Na siku moja alibisha hodi mgeni kutoka bara, Halima, yule bibi wa Bani Saad aliyemnyonyesha Mtume (S.A.W.) utotoni, kuja kulalamika ukame. Inasimuliwa kwamba Bibi Khadija alimrudisha kwao na kondoo 40 na ngamia. Akina mama mnaosoma ukurasa huu mnajua maana ya mke kumpokea mama mlezi wa mumewe namna hiyo.

Sasa nirudi kwenye swali la mwanafunzi wangu.

Walikuwa na matembezi. Hayakuwa ya sokoni wala ya karamuni, yalikuwa ya mlimani. Ibn Ishaq ameeleza kwamba ilikuwa ni ada Mtume (S.A.W.) kukaa Hira mwezi mmoja katika kila mwaka, akifanya ibada na kuwalisha maskini waliomjia. Mwezi ukiisha alishuka, na kabla ya kuingia nyumbani kwake alikwenda kwanza kwenye Al-Kaaba, akazunguka mara saba au zaidi, ndipo akarudi kwa watu wake. Hiyo ilikuwa ada yao ya mwaka kama vile sisi tulivyo na zetu. Na mwandishi huyo huyo amesema wazi kwamba katika ule mwezi wa Ramadhani Allah (S.W.) alipomtukuza kwa utume, alitoka kwenda Hira kama desturi yake na ahli zake wakiwa pamoja naye.

Tulisome hilo polepole. Tunapowachorea wanafunzi picha ya Hira tunamchora mtu mmoja peke yake ndani ya pango. Ni kweli pangoni alikaa peke yake. Lile pango ni dogo, urefu wake haufiki mita 4 na watu wachache tu wanaenea. Lakini chini ya upweke ule palikuwa na mke aliyefunga vyombo, akatia masurufu, akatoka naye mjini.

Mlima wenyewe, ambao leo unaitwa Jabal Nur, uko umbali wa kama kilomita 4 kutoka Msikiti Mtukufu, na kilele chake ni zaidi ya mita 600 juu ya usawa wa bahari. Mahujaji wetu wakirudi husimulia jinsi walivyopumzika mara tatu au nne kabla ya kufika juu, na hao wamepanda kwa ngazi zilizochongwa. Zama zile hapakuwa na ngazi. Mawe ni makavu, kivuli hakuna, na jua la Makka ni jua la Makka. Kwa mujibu wa riwaya mashuhuri Bibi Khadija wakati huo alikuwa na miaka 55.

Na chakula nacho hakikufika chenyewe. Katika Sahihi ya Bukhari imepokewa kwamba Mtume (S.A.W.) alikuwa akichukua masurufu ya masiku kadhaa, yakimwishia hurudi kwa Bibi Khadija akachukua mengine mfano wake. Katika hadithi nyingine ni Bibi mwenyewe anayekuja na chombo cha chakula au kinywaji mkononi, na wakati anakuja njiani Jibril (A.S.) anamtangulia kwa Mtume (S.A.W.) kumpa habari: huyo Khadija anakuja, akifika mpe salamu kutoka kwa Mola wake na kutoka kwangu, na umbashirie nyumba Peponi ya lulu iliyo wazi ndani, isiyo na makelele wala machovu. Tabarani amepokea kwamba hayo yalikuwa Hira. Bibi Khadija aliposalimiwa alijibu kwa elimu, kwamba Allah Mwenyewe ndiye Salamu, na amani iwe juu ya Jibril. Imamu Suhayli ametoa maelezo mazuri kwa nini nyumba ile imesifiwa kwa utulivu badala ya ukubwa. Amesema Bibi huyu hakumpandishia mumewe sauti wala hakumchosha, hivyo akalipwa kwa jinsi ya alichokitoa.

Usiku ule wa mwaka 610 wahyi uliposhuka, Ibn Ishaq anasimulia kwamba Mtume (S.A.W.) alikawia, na Bibi Khadija akawatuma watu kumtafuta, wakafika mpaka Makka kisha wakarudi kwake. Ukitazama utaona maana yake: yeye hakuwa mjini, alikuwa upande wa mlima, na watumishi wake walishuka Makka wakapanda tena. Kisha mumewe akatokea, akaja akaketi karibu naye kabisa. Katika riwaya ya Bukhari alirudi moyo wake ukimtetemeka, akaomba afunikwe, wakamfunika mpaka hofu ikamtoka. Alimweleza mkewe kwamba anaihofia nafsi yake. Bibi hakumuuliza maswali mengi wala hakupiga ukelele. Alimwapia kwamba Allah hawezi kumhizi, akamhesabia sababu zake moja moja: anaunga ujamaa, anabeba mizigo ya wanyonge, anampa asiye na kitu, anamkirimu mgeni, na anasaidia katika mambo ya haki. Maneno yale hayakuwa ya kubuni usiku ule. Ni mambo aliyoyaona kwa macho yake nyumbani mwake kwa miaka 15, ile ile tunayoiruka. Halima ni shahidi, Zayd ni shahidi, na maskini wa Hira ni mashahidi. Kisha akatoka naye tena, safari hii kwenda kwa binamu yake mzee, Waraqa bin Nawfal, aliyekuwa amepofuka, ili asikie kwa mwenye elimu ya vitabu.

Jibril (A.S.) alipomfundisha Mtume (S.A.W.) udhu na sala, mwanafunzi wa kwanza alikuwa Bibi Khadija. Alimwonyesha anavyotawadha, akatawadha. Alimwonyesha anavyosali, akasali pamoja naye. Mfanyabiashara mmoja aitwaye Afif al-Kindi alifika kwa Abbas bin Abdul Muttalib siku za Hija, akaona mwanamume ametoka akasimama kusali, akaja mwanamke akasimama nyuma yake, kisha kijana akasimama naye. Akamuuliza Abbas ni akina nani hao. Abbas akamweleza kwamba ni mtoto wa ndugu yake, mkewe Khadija, na Ali, na kwamba hakuwajua wengine walioifuata dini ile isipokuwa hao. Afif alisilimu baadaye sana, na alikuwa akijuta kwamba lau angesilimu siku ile angekuwa miongoni mwa wa mwanzo kabisa.

Baada ya hapo mambo yakawa mazito. Kuanzia karibu mwaka 616 Maqureshi waliwasusa Bani Hashim, wakaandikiana wasiwauzie wala wasioane nao, na ukoo ukasogea kwenye bonde la Abu Talib. Bibi Khadija hakuwa wa Bani Hashim. Kwao kulikuwa na nafasi na chakula. Aliingia bondeni na mumewe. Yule Hakim bin Hizam alikuwa akimpelekea shangazi yake ngano kwa siri, na siku moja Abu Jahl akamshika njiani, kukazuka ugomvi mpaka Abul Bakhtari akampasua Abu Jahl kichwa kwa mfupa wa taya la ngamia. Mwanamke ambaye misafara yake ilijaa njia ya Sham sasa ngano ilimfikia kwa kupiganiwa.

Alifariki mwezi wa Ramadhani, mwaka wa 10 wa utume, kama miaka mitatu kabla ya Hijra, sawa na 619. Alizikwa Hajun, Makka. Sala ya jeneza ilikuwa bado haijafaradhishwa. Mtume (S.A.W.) aliteremka mwenyewe kaburini. Abu Talib naye alifariki mwaka huo huo.

Mtume (S.A.W.) aliendelea na zile ada za nyumba yao baada ya mwenyewe kuondoka. Akichinja kondoo alikata vipande akavipeleka kwa mashoga zake Khadija. Bibi Aisha (R.A.), ambaye hakupata kumwona Bibi Khadija, amesema mwenyewe kwamba hakumwonea wivu mke yeyote kama alivyomwonea yule aliyekwisha kufa. Siku moja Hala, dada yake marehemu, alibisha hodi Madina, na Mtume (S.A.W.) alipoisikia ile sauti aliikumbuka hodi ya Khadija, akashtuka kwa furaha akimwomba Allah awe ndiye Hala. Ajuza mmoja alipomtembelea akamkirimu sana mpaka watu wakastaajabu, akawaeleza kwamba huyu alikuwa akiwajia zama za Khadija. Na baada ya Badr, mwaka 624, binti yake Zaynab alituma fidia ya kumkomboa mumewe Abul As aliyetekwa, na ndani yake mkiwamo kidani alichopewa na mama yake siku ya harusi. Mtume (S.A.W.) alipokiona kidani kile alipatwa na huruma kubwa. Aliwaomba masahaba, wakikubali, wamwachie mateka na wamrudishie Zaynab kidani chake, nao wakakubali.

Mwaka 630 aliingia Makka kwa ushindi. Aliulizwa kama atashukia nyumbani kwake, akajibu kwa kuuliza kama Aqil amewabakishia nyumba yoyote, kwani nyumba za ukoo zilikuwa zimekwisha uzwa. Mji wote ulikuwa mkononi mwake siku ile, na angeweza kuchagua mahali popote. Alimwamuru Zubayr bin Awwam aisimike bendera yake Hajun, na Hajun ndiko alikolala Bibi Khadija.