Abu Rayhan al-Biruni na Suali la Faida ya Elimu

Sisi wazee wa visiwani tuna mazoea. Mtoto akitwambia anataka kusoma nyota, historia au lugha ya watu wa mbali, suali letu la kwanza ni kazi gani atapata. Suali hilo si geni. Aliulizwa pia Abu Rayhan Muhammad bin Ahmad al-Biruni (Rahimahu Allah), miaka elfu moja iliyopita, na jibu lake linafaa kujulikana majumbani mwetu.

Alizaliwa Khwarizm, Asia ya Kati, katika Dhul-Hijja mwaka 362 Hijria (973 Miladia). Alipokuwa kijana tu alikuwa tayari anapima kimo cha jua ili ajue mji wao uko wapi katika ardhi, na baadaye akaandikiana masuali makali na Ibn Sina. Mwaka 1017 Sultan Mahmud wa Ghazna aliiteka Khwarizm, na al-Biruni akachukuliwa kupelekwa Ghazna, katika Afghanistan ya leo. Hakuchagua safari ile. Lakini ilimfungulia njia ya Bara Hindi, naye akajifunza Kisanskriti, akakaa na wanazuoni wa Kihindu, akaandika kitabu kikubwa juu ya dini, hesabu na desturi zao. Aliyaeleza wanayoyaamini kama wanavyoyaeleza wenyewe, bila ya kuyakubali na bila ya kuwazulia. Uadilifu wa namna hii ni adimu hata leo. Huko huko, karibu na ngome ya Nandana, alipanda mlima akapima pembe ya upeo wa macho, na kwa kipimo hicho akakisia ukubwa wa dunia nzima.

Wapo Waislamu wa zama zake walioziona elimu hizi kuwa ni mlango wa kufru. Mwenyewe amesimulia habari ya mtu aliyekataa chombo cha kujulia nyakati za Sala kwa sababu kilichorwa miezi ya Kirumi, akichelea kujifananisha na makafiri. Al-Biruni alimjibu kwamba Warumi pia wanakula chakula na wanatembea masokoni, basi na hayo ayaache.

Mwaka 1025 alimaliza kitabu cha kuainisha mahali pa miji, na moja ya makusudio yake ilikuwa kuipata Qibla ya Ghazna kwa hesabu sahihi. Hapo angeweza kuwanyamazisha wapinzani kwa kusema tu kwamba elimu yake inatumikia Sala, jambo ambalo ni kweli. Hakutosheka nalo. Aliandika kwamba anayeuliza faida ya elimu hajaijua sifa inayomtenga binadamu na wanyama: kuitafuta elimu kwa ajili ya elimu yenyewe, kwa kuwa kuipata kuna ladha isiyofanana na ladha nyengine. Sisi hatuoni mgongano hapo. Aya ya 191 ya Surat Aal-Imran inawasifu wanaotafakari uumbaji wa mbingu na ardhi, wala haikuwashurutisha ujira.

Yaqut al-Hamawi anasimulia kwamba alipokamilisha kitabu chake kikubwa cha falaki, Sultan Mas'ud alimpelekea mzigo wa tembo mzima wa fedha, naye akaurejesha kwa kuwa hakuwa na haja nao. Aliacha vitabu na risala zaidi ya 100.

Yaqut huyo huyo amepokea habari za siku yake ya mwisho. Faqihi mmoja aliingia kumzuru akamkuta pumzi zinamkatika. Al-Biruni akamuuliza suala la mirathi walilowahi kulizungumza, la mabibi ambao nasaba yao inapitia kwa baba wa mama. Faqihi akamhurumia, akastaajabu, vipi katika hali ile. Akajibiwa kwamba kuiaga dunia hali analijua suala lile ni bora kuliko kuiaga hali halijui. Basi akamfafanulia, na al-Biruni akalikariri mpaka likamkaa. Faqihi akaaga akatoka, na kabla hajafika mbali akasikia vilio kutoka nyumba ile.