Bobby Jones na Hasira Zake

Wengi wetu hatujapata kushika fimbo ya gofu, lakini mchezo wenyewe si mgumu kuueleza. Mchezaji hupiga mpira mdogo mpaka uingie shimoni, kisha huendea shimo jingine, hata yatimie 18. Mwenye mapigo machache ndiye mshindi. Kila mchezaji wa kawaida ana handikapu, yaani hesabu ya mapigo anayosamehewa, na hamu yake ni kuipunguza. Hufikiri dawa iko mikononi. Bobby Jones aliikuta kwingine.

Alizaliwa mwaka 1902 katika mji wa Atlanta, Marekani, naye alikuwa mtoto dhaifu. Katika kiwanja cha East Lake alizoea kumfuata mwalimu wa gofu, Mskoti Stewart Maiden, akimtazama apigavyo, kisha akamwiga. Alipokuwa na miaka 14 alishindana na watu wazima katika mashindano makubwa ya nchi yake.

Basi mikono alikuwa nayo. Lakini akikosea pigo moja alitukana na kurusha fimbo. Mwaka 1921, huko St Andrews, Uskoti, alishindwa kuutoa mpira mchangani kwenye shimo la 11. Akauokota, akaacha kushindana. Mwaka huo huo, kwao Marekani, fimbo aliyoirusha ilimpiga mtazamaji mguuni. Wakubwa wa gofu wakamwonya kuwa asipojizuia hatacheza tena. Mimi, niliyewahi kutolewa uwanjani kwa sababu ya mdomo wangu, niliisoma habari hiyo mara mbili.

Jones alisikia. Alijizoeza kushindana na hesabu ya kiwanja, wala si na mtu, na pigo baya akaliacha nyuma. Tangu 1923 mpaka 1930 alishinda mashindano makubwa 13, naye hakuwa mchezaji wa kulipwa. Alikuwa akisoma, halafu akawa wakili.

Jambo kubwa kwangu si ushindi huo. Mwaka 1925, huko Worcester, mpira wake ulitikisika kidogo majanini alipokuwa akijiandaa kuupiga. Hakuna mwingine aliyeona. Waamuzi waliuliza, wakakosa shahidi. Jones akashikilia ahesabiwe pigo moja zaidi. Mwishoni alilingana na Willie Macfarlane, wakarudiana, naye akashindwa kwa pigo moja. Bila pigo lile alilojihesabia, kusingekuwa na kurudiana.

Mwaka 1930 alitwaa mashindano yote manne makubwa ya wakati ule, akastaafu akiwa na miaka 28. Baadaye ugonjwa wa uti wa mgongo ulimlemaza. Mwaka 1958 watu wa St Andrews walimpa heshima ya kuwa mwenyeji wa mji wao. Alifariki mwaka 1971. Katika kiwanja kile shimo la 10 limepewa jina lake, na linalofuata ni lile la 11 alilolikimbia.